Bwana Shamba wa Bonde la Kalangalala: Maisha ya Valerian Makoye Mageni, 1913–1959

Wazee wetu, mapadri, majirani wa Samuye, na ninyi mliopanda lori tangu jana kutoka Geita na Buseresere: poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Thobias Mageni, mdogo wake marehemu. Shemeji yangu Klara ameniomba niwaeleze huyu tunayemsindikiza leo alikuwa nani. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na yale ambayo yeye mwenyewe alinisimulia.

Marehemu Valerian Makoye alizaliwa tarehe 3 Februari 1913 hapa hapa Samuye, Shinyanga, mtoto wa tatu wa mzee Mageni na mama yetu Limi. Boma letu lilikuwa kule chini, penye minyaa mnayoiona hadi leo. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi mbuga hii ilivyokuwa mvua za kwanza zikinyesha. Udongo ulinukia hadi ndani ya nyumba, vyura walipiga kelele, na konokono wakubwa walitoka ardhini kana kwamba kuna mtu amewaita. Sisi watoto tuliokota magamba matupu ya konokono tukayapanga mchangani na kuyaita ng'ombe. Lililo kubwa lilikuwa dume, madogo yalikuwa ndama. Makoye hakupenda magamba matupu. Alitaka walio hai. Alituambia, "Ninyi ng'ombe zenu zimekufa zote. Zangu zinatembea, na zinakula."

Siku moja alikaa akiwaangalia ng'ombe wake hao wa kutambaa, na ng'ombe wa baba, wale wa kweli, wakaingia katika mtama wa jirani na kuumaliza. Baba alimchapa, kisha akamwambia mama: "Huyu nikimwachia mifugo nitabaki na kamba mkononi. Mpelekeni kwa mapadri, labda watamwona anafaa kitu." Hivyo ndivyo kaka yangu alivyopata shule. Katika nyumba yetu hakuna aliyesoma kabla yake, na mimi nilisoma kwa sababu yeye alitangulia.

Alianza shule ya misheni mwezi wa Januari 1924. Alikwenda na kurudi kwa miguu, na mfukoni alitia michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo aliitafuna njia nzima hivi kwamba akifika shuleni alikuwa hana tena cha mchana. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1926 na kupewa jina la Valerian. Mama hakuweza kulitamka, akaendelea kumwita Makoye mpaka yeye mama alipofariki. Alimaliza masomo mwaka 1932, akachaguliwa kwenda kujifunza kilimo, na tarehe 1 Machi 1935 akaajiriwa kuwa bwana shamba katika wilaya hii ya Shinyanga. Alipewa baiskeli, kofia na kaptula za kaki. Baba aliizunguka ile baiskeli mara kadhaa bila kuigusa, akauliza, "Hii nayo inakula majani?"

Kazi yake ya kwanza ilikuwa pamba. Alipita vijiji akiwahimiza watu kung'oa mabua ya zamani na kuyachoma ili wadudu wasibaki. Kwa kazi hiyo alifika Tinde mwaka 1937, nyumbani kwa mzee mmoja mwenye shamba kubwa, akamwamuru achome mabua yake siku ile ile. Binti yake ndiye aliyejibu kutoka jikoni: "Bwana shamba, kwa upepo huu tukichoma mabua tutachoma na nyumba. Au nayo ina wadudu?" Kaka alicheka mpaka akaegemea baiskeli. Alirudi upepo ulipotulia, mabua yakachomwa vizuri. Baadaye alirudi tena, na safari hiyo hakuwa na neno lolote la pamba.

Binti huyo ni shemeji yetu Klara. Walifunga ndoa tarehe 12 Novemba 1938. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, wacheza ngoma wakacheza katika matope, na bibi harusi akavua viatu akacheza nao. Mungu aliwajalia watoto watatu: Serafina, Gregory na Ignas.

Mwezi wa Aprili 1946 marehemu alihamishiwa Geita. Wengi wenu hamkuiona Geita ya siku hizo. Mgodi wa dhahabu ulikuwa umeleta watu wa kila kabila, na mtu akitembea kutoka kambini hadi sokoni alisikia lugha ambazo hakuwahi kuzisikia. Kaka alipewa nyumba Kalangalala, nyumba ya bati yenye baraza, na chini yake kulikuwa na bonde lenye kijito. Wanawake na wanaume wachache walilima mboga pale, kabichi, nyanya na mchicha, na kuwauzia watu wa mgodi. Alfajiri walishuka bondeni na taa za chemli, na jua likitoka walikuwa tayari wanapandisha vikapu. Kaka aliniambia mara nyingi kwamba katika maisha yake yote hakuna mahali alipopapenda kama lile bonde. Alijua kila tuta ni la nani. Alikula nyanya kwenye shina na kulipa kwa maneno matamu. Nilipokwenda likizo kumtembelea, hatukuwahi kufika mwisho wa bonde kabla ya mchana, kwa sababu ya kusimama na kusalimiana.

Mwaka 1951 vidukari na viwavi waliishambulia kabichi vibaya sana. Kaka alipokea dawa mpya ya kuua wadudu, unga mweupe uliokuja katika magunia. Aliigawa kwa furaha. Aliwafundisha watu kuitia katika mfuko wa kitambaa na kuutikisa juu ya majani, na yeye mwenyewe alitikisa kwa mikono mitupu mpaka nyusi zikawa nyeupe. Wadudu walikufa. Kabichi zikajifunga, safi, hazina tundu hata moja. Wanawake walimtungia wimbo, na Krismasi ilikuwa inakaribia, wakati ambapo watu wa mgodi hununua kuliko wakati wowote. Nadhani hakuwahi kuwa mtu mwenye raha kama majuma yale.

Mwishoni mwa Novemba mvua kubwa ikanyesha, na konokono wakatoka. Kulikuwa na mama mmoja wa Ujiji aitwaye Mwanaima, mchuuzi wa maandazi, aliyefuga bata pembeni mwa bonde. Bata wake walikula konokono wa bustani zote, na watu waliwapenda kwa kazi hiyo. Asubuhi moja alikuja barazani kwa kaka.

"Bwana Makoye, bata wangu wanakufa. Wanatetemeka, shingo zinapinda, wanaanguka."

"Pole, Mama. Hicho ni kideri, ugonjwa wa kuku na bata. Mwaka huu kipo."

"Na kuku wangu je? Wanalala banda moja na bata. Kuku wazima, hawashuki bondeni. Wanaoshuka bondeni ndio wanaokufa."

Kaka alivaa viatu akashuka naye. Alichokiona chini ya kabichi kilimkaa moyoni mpaka mwisho wake. Konokono walikuwa wametapakaa kila mahali, wametoka nje ya magamba yao, wamejinyoosha kupita kiasi, wanatoa povu. Kwa kawaida ukimgusa konokono hujirudisha ndani. Hawa aliwagusa na kijiti, wakabaki vile vile. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Wengi walikuwa hai bado, lakini hawakuweza kutambaa, na bata waliwaokota kirahisi kama punje za mtama.

Hakumwambia mtu neno siku ile. Alipanda mlimani ambako dawa haikufika, akaleta konokono wazima, akawagawa katika vyungu vya Klara vilivyokuwa nyuma ya nyumba. Chungu kimoja alitia majani yasiyo na dawa, kingine majani yenye unga, na kingine majani yenye unga aliyoyasuuza kwa maji kama mtu anavyosuuza mboga kabla ya kupika. Shemeji alipoona, alikuja juu.

"Baba Serafina, vyungu vyangu vya mboga ndivyo unavyotilia konokono?"

"Nitakutafutia vingine."

Lakini alikaa naye kuangalia, siku ile na zilizofuata. Waliopewa majani safi walikula mpaka wakabakiza mishipa. Wa majani yenye unga walitoa povu wakalegea kama wale wa bondeni. Na wale wa majani yaliyosuuzwa hawakufa, ila waliacha kula, wakajifungia ndani ya magamba, na hata kilipomwagiwa maji chungu chao hawakutoka. Shemeji aliangalia chungu hicho cha mwisho kwa muda mrefu, kisha akasema: "Sitaki vyungu vingine. Nataka uniambie watoto wetu wamekula nini majuma yote haya."

Kaka alikwenda kumtazama Ignas, mdogo wao, aliyekuwa akicheza uani, akamshika kipaji cha uso, akamwachia.

Wakati huo huo Mwanaima alipita njiani, akamwambia kwamba bata wengine wawili wameanguka mchana ule. Kaka akamuuliza amewazika wapi. "Mimi nyamafu sili," alisema Mwanaima, "lakini Mbuke jirani yangu amewaomba. Yeye ana watoto wengi." Mbuke alikuwa mjane, mumewe alifukiwa na kifusi mgodini. Kaka aliondoka mbio. Wanaomjua wanajua hakuwa mtu wa mbio. Alimkuta Mbuke anapika uani, watoto wamezunguka moto, sahani ziko tayari. Hakusalimu. Alipiga chungu teke, mchuzi wote ukamwagika katika majivu.

"Umemwaga chakula cha watoto wangu!" Mbuke alipiga kelele, na majirani wakaja. "Bwana shamba umeingia wazimu? Mwezi mzima hawajaonja nyama!"

Kaka alieleza juu ya konokono na ile dawa, akihema, na hakuna aliyemwelewa vizuri. Mbuke alilia kwa hasira, akamwambia asikanyage tena kwake. Kaka akamjibu, "Nichukie, dada yangu. Heri unichukie ukiwa na watoto wako wote." Kabla jua halijatua alimchinja beberu wake, akamtuma Serafina ampelekee Mbuke nyama. Ilirudishwa mlangoni. Akaipeleka kwa Mwanaima, na Mwanaima akajua namna ya kuifikisha katika chungu cha jirani yake bila kulitaja jina la aliyeitoa.

Mpaka leo hakuna ajuaye kama nyama ile ya bata ingewadhuru wale watoto. Kaka hakuwahi kudai kwamba anajua. Alisema tu kwamba hakutaka kujua kwa njia hiyo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliwaita wakulima wote bondeni. Nilikuwapo, nimekuja likizo ya Krismasi. Alisimama kati ya kabichi zile nzuri, amevua kofia.

"Dawa hii nimeileta mimi," alisema. "Niliwaambia ni ya wadudu tu, na nilisema nisichokijua. Naomba gunia lililobaki lirudi kwangu, na naomba kabichi hizi tusiwauzie watu. Tuzilimie ardhini."

Zikazuka kelele. Marcel, aliyekuwa kiongozi wao, mtu mwenye familia kubwa na tuta kubwa kuliko wote, alisogea mbele.

"Bwana shamba, konokono ni adui wa kabichi. Kila siku nawaponda kwa jembe. Leo wanakufa wenyewe, na wewe unawalilia?"

"Siwalilii, Marcel. Konokono amekula jani, tumeona lililompata. Bata amemla konokono, tumeona. Mtu anayekula jani lile lile sisi hatujamwona bado. Mimi sitaki kuwa wa kwanza kumwona."

"Na watoto wangu watakula nini Krismasi?"

Kaka alichukua jembe la mtu aliyekuwa karibu, akaenda kwenye tuta lake mwenyewe, kwa maana naye alikuwa na tuta pale, akaanza kulima kabichi zake chini. Shemeji Klara akashuka akaungana naye. Baada ya muda Mwanaima akaingia, ingawa hakuwa na tuta, na wanawake wengine mmoja mmoja. Nilishika jembe na mimi. Wapo waliolima wakilia. Marcel na wenzake wachache walipanda mlima, na juma lile waliuza. Hatukusikia mtu aliyeugua, nami nasema hivyo kwa sababu marehemu hakupenda habari itiwe chumvi.

Ile ilikuwa Krismasi ngumu Kalangalala. Ule wimbo wake haukuimbwa tena. Mkubwa wake wa kazi alimwita, akamwambia kwamba dawa ni ya wadudu na mambo ya konokono si kazi yake. Kaka alijibu kwa heshima kwamba kazi yake ataifanya, lakini unga ule bondeni hataugawa tena. Mwezi wa Februari 1952 alihamishiwa Buseresere, kwenye barabara ya Biharamulo, mahali ambapo wakati huo palikuwa na maduka machache na vumbi jingi. Kupanda cheo, ambako wote tulikutarajia, hakukuja tena.

Walihama na vyungu vyao, meza, baiskeli na bata aliopewa na Mwanaima kama zawadi ya safari. Nilidhani nitamkuta mnyonge huko. Nilimkuta amejenga tanuri la matofali, analima na Wazinza na Wasumbwa, anajifunza lugha zao na kuziharibu, na watu wanacheka. Aliwafundisha kuokota viwavi kwa mkono asubuhi na kunyunyiza majivu. Ilikuwa kazi ya kuchosha na kabichi zilikuwa na matundu. Jioni alikaa nje na shemeji, wakimenya karanga na kubishana juu ya mambo ya Tinde ya zamani, nani alimwoa nani na ng'ombe yupi alikuwa mkali. Nikifumba macho nasikia vicheko vyao.

Mwaka 1955, mvua zilipoanza, alinishawishi twende naye kulitazama bonde. Tulishuka polepole. Udongo ulikuwa umelowa kama zamani, vyura walikuwapo, lakini chini ya majani hakukuwa na kitu. Watu walituambia kwamba tangu mwaka ule wa unga konokono hawakuonekana tena, wala ndege waliokuwa wakiwafuata. Kaka alizunguka tuta hadi tuta, ameinama, suruali imejaa matope. Karibu na kijito aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni: "Thobi! Thobi, njoo!" Chini ya jani la magimbi kulikuwa na konokono wadogo, ukubwa wa punje ya mahindi, magamba yao bado laini, unaona mwanga ndani yake. Walikuwa wanakula. Tulichuchumaa pale, watu wazima wawili, mpaka mvua ikaturudia. Marcel alitukuta, akasimama juu yetu na jembe begani. "Hao nitawaponda wakikua," alisema. Kaka akacheka. "Waponde, Marcel. Hiyo ni haki yako." Wakashikana mikono, na siku ile tulikula kwa Marcel.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Agosti 1957. Mikono ilitetemeka, ikawa vigumu kushika kalamu, kisha ini likavimba. Alilazwa mara mbili katika hospitali ya misheni, na tunawashukuru masista kwa uangalizi wao. Wapo waliosema ni ule unga alioushika kwa mikono mitupu. Madaktari hawakusema hivyo, nami sitasema nisilolijua. Watu wa Geita walikuja kumwona Buseresere, kwa lori na kwa miguu. Kati yao alikuwa Mbuke. Alikaa kitandani kwa kaka, na kijana wake mkubwa, aliyekuwa tayari anafanya kazi, akasimama mlangoni. Mbuke alimlisha uji kwa kijiko kwa sababu mikono ya kaka haikuweza, na alipomaliza kaka akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, dada." Mbuke akamfuta mdomo kwa khanga yake.

Alifariki nyumbani kwake Buseresere Jumanne tarehe 10 Machi 1959, saa tisa mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa amepokea sakramenti asubuhi. Aliomba azikwe Samuye, karibu na mama.

Ameacha mjane, Klara. Watoto Serafina, Gregory na Ignas. Mjukuu mmoja, Euphrasia, binti wa Serafina. Dada zake wawili na mimi mdogo wake. Wakwe, mashemeji na marafiki wengi.

Shemeji ameniachia neno moja la kuwaambia. Kule Buseresere kuna tuta la kabichi alilolipanda marehemu kabla hajashindwa kusimama, na sasa zimekomaa, na hakuna wa kuzichuma kwa sababu sisi sote tuko huku. Ninyi mnaorudi kwa lori kesho, Mama Serafina anawaomba msimame, mchume na mle. Mlango wa bustani haufungwi. Kaka hakupenda kuona mboga inazeeka shambani.

Kaka Valerian, umechoka, nasi tumekufikisha nyumbani. Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani.